Mbwa macho ya bluu, fizi nyeupe: ni chamba au nagana?

mfuga_pwani: Wakuu habari. Dume, kilo 16, anaishi jirani na hifadhi ya Saadani. Wiki ya pili macho yote mawili yana ukungu wa bluu kama maziwa, juani anafumbafumba, homa 40.2, fizi zimepauka. Mafuta ya tetrasaiklini siku 6, wapi! Inaweza kuwa kachomwa na kijiti?

Vet_Tanga: Kijiti huchoma jicho moja, mkuu. Macho yote pamoja na homa, penye mbung'o, anza na nagana, ugonjwa wa vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Kimelea chake, Trypanosoma brucei, hakiishii kwenye damu. Kinapenya hadi kwenye majimaji ya mbele ya jicho. Uvimbe wa humo unaumiza tabaka la ndani la konea (kioo cha mbele cha jicho), lile linalosukuma maji nje. Likilemewa, konea inalowa kama sifongo na mwanga haupiti vizuri, ndiyo huo ubluu.

Mmulike tochi kwa ubavuni. Ukungu ukiwa juu kabisa, mbele ya mboni, ni konea. Ukiwa nyuma ya tundu la mboni, huo ni mtoto wa jicho.

Damu itolewe ncha ya sikio, tone bichi lisomwe papo hapo kwa hadubini. Kimya? Zungusha damu kwenye kapilari (kijibomba chembamba) kwa mashine dakika 5, kagua mpaka wa chembe nyeupe na plazma. Usipoona, rudia kesho kutwa. Omba pia kipimo cha erlikia, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe. Nao huleta sura hiihii.

bwanamifugo77: Nagana ikithibitika, diminazini (dawa ya kuua vimelea hivyo) 3.5 mg kwa kilo, msulini. Pakiti ya gramu 2.36 kwenye maji ml 12.5 inatoa ml 1 kwa kilo 20, kwa hiyo huyo ni ml 0.8. Apimwe kwenye mizani, bomba la sindano liwe la ml 1. Kukadiria kwa macho ni mazoea ya ng'ombe. Mbwa akizidishiwa anayumba, anapata degedege, ubongo unavuja damu.

mfuga_pwani: Asante. Na macho yenyewe?

Vet_Tanga: Kwanza rangi ya fluoresini. Ikishika kijani pana kidonda, na steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) hapo inaweza kutoboa jicho. Isiposhika, steroidi ya prednisoloni 1% tone moja kila saa 6, na atropini 1% hadi mboni itanuke, ila presha ya jicho ikiwa juu atropini iache.

Diminazini haifiki vizuri kwenye ubongo wala ndani ya jicho. Damu inaweza kuwa safi, kisha ukungu ukarudi wiki kadhaa baadaye. Kagua damu wiki ya 2, ya 4 na ya 8, na akianza kuyumba au kulala mno usimchome tena dozi ileile kwa kubahatisha, mrudishe kwa daktari.