MJADALA: Mtafiti anayehoji wanawake kijijini, alazimishwe kurudi na majibu?

Mtoa mada
Habari za jioni wadau. Mavuno yakishaisha, watafiti wanaingia kila kijiji chenye barabara inayopitika. Mama anaitwa kutoka shambani, anaulizwa ana watoto wangapi, nani anaamua hela ya mazao itumike vipi, kama amewahi kupigwa na mumewe. Saa nzima inaisha. Anapewa soda, anaweka dole gumba, gari linaondoka. Majibu yake yatasomwa hotelini Dar, au kwenye jarida ambalo kulifungua tu ni kwa kulipia.

Hoja yangu: utafiti wowote kuhusu haki za wanawake usipewe kibali na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, mpaka mtafiti aoneshe siku na bajeti ya kurudisha majibu kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na wenyeji wakubaliane palepale hatua ya kuchukua. Sileti jambo geni. Miaka ya 1970 pale Bagamoyo kulikuwa na mradi wa Jipemoyo, mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz na wenzake wakitafiti pamoja na wanavijiji. Na TGNP, mtandao wa jinsia Tanzania ulioanzishwa 1993, wana utafiti raghbishi: wenyeji ndio wanaouliza, wanachambua chanzo cha tatizo, wanapanga cha kufanya. Kwa nini iwe hiari?

Mtakwimu
Napinga, na nitaeleza. Mwaka 1996 wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 18. Utafiti wa afya wa 2015/16 ukakuta 10, wa 2022 ukakuta 8. Mwelekeo huo tunaujua kwa sababu akina mama waliulizwa kwa dodoso, na anayeuliza hakuja kuhamasisha mtu. Ukitangulia kusema "tumekuja kupinga ukeketaji", utajibiwa unachotaka kusikia. Na ukienda Hazina na simulizi za kijiji kimoja, utasikilizwa kwa adabu halafu basi.

Pili, na hili ndilo linanikera kwenye hoja yako: maswali ya ukatili kwenye tafiti hizo anaulizwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, faragha. Mtu akitokea, mhojaji anabadili mazungumzo. Wewe unataka majibu hayo yasomwe mbele ya mkutano mkuu? Kwenye kitongoji cha kaya sitini, hata usipotaja jina watu watajua ni nani.

Mraghbishi
Mtakwimu, hapo kwenye faragha nakubali mia kwa mia. Kwenye kuhamasisha, hapana. Ngoja nikupe mfano wa kazi tuliyofanya. Tulichora saa za mchana na usiku chini, kwenye vumbi, tukagawa punje za mahindi. Wanaume wakae kundi lao, wanawake lao, kila kundi lipange mwanamke anatumia muda wake wapi. Wanaume waliweka punje mbili kwenye maji. Wanawake waliweka saba. Mzee mmoja akasimama akasema kwenda kisimani si kazi, ni kutembea. Basi ikawaka! Mama mmoja akamwambia kesho atembee yeye, na ndoo mbili. Ubishi ule uliendelea mpaka jua likazama, na mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Sasa niambie, dodoso lako lingepata wapi kwamba wanaume wanaona punje mbili? Lingeandika "dakika kwa siku" likafunga. Hoja ya kisima ikaingia kwenye mpango wa kijiji wa Fursa na Vikwazo, ule ambao wenyeji wanapanga vipaumbele vyao, mwaka uleule. Kuchimbwa ni habari nyingine, bajeti ya halmashauri mnaijua.

Mama wa Kisarawe
Nimewasoma wote. Mnabishana kama vile sisi hatumo humu.

Kwetu walikuja watu wa mradi, sitataja. Tukafundishwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, na kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na watatu lazima wawe wanawake. Yote kweli. Tukahimizwa tuseme mkutanoni. Nikasema, mbele ya shemeji zangu, habari za shamba la marehemu mume wangu. Makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Wiki iliyofuata gari la mradi halikuwepo, shemeji walikuwepo. Nikaitwa mchochezi. Wale wajumbe watatu wanawake, mmoja ni mke wa shemeji yangu.

Kwa hiyo mtoa mada, hiyo "hatua" unayoitaka anailipia nani? Mtafiti anaichukua siku moja, mimi naishi nayo. Mimi sikatai warudi. Warudi kwanza kwetu, kwenye vikundi vya hisa tunakoweka akiba, tukiwa wenyewe. Tusikie walichoandika, tuseme hili liende mkutanoni, hili liende dawati la jinsia polisi, hili libaki humu. Mkuu wa msafara asituamulie.

Mtoa mada
Mama, hiyo naiingiza kwenye hoja kama ilivyo: wanawake waliohojiwa wasikie kwanza, wao ndio waamue kinachofika mkutano mkuu. Ila sharti la kurudi silitoi. Likiwa hiari hakuna atakayerudi, tumeona.

Mwanafunzi wa uzamili
Na sisi tusio na mfadhili? Utafiti wangu ninaugharamia kwa akiba yangu, nauli ya kwenda yenyewe nimekopa. Mkiweka sharti hilo, watakaotafiti masuala ya wanawake ni mashirika yenye magari tu, na maswali yatakuwa ya wafadhili wao. Hilo mmeliwaza?

Mraghbishi
Swali zuri. Kibali kiangalie ukubwa wa kazi basi.

Mama wa Kisarawe
Mwanangu, nauli huna, lakini simu unayo. Siku ya kwanza unachukua namba ya katibu wa kikundi, maana bila yeye hutupati. Ukimaliza kuandika, toa karatasi mbili za Kiswahili cha kawaida, mtumie kwa WhatsApp. Sisi tunakutana kila Jumamosi kununua hisa, atatusomea. Tukiona umetuandika sivyo, tutakupigia sisi.