Tupeane uzoefu: njia za hewa za gari kuukuu la mizigo, kuzisafisha na kuzikinga na kutu

Fundi wa Makorora
Wakuu, salaam. Masika yakishika hapa Tanga, magari kuukuu ya mizigo huletwa gereji na malalamiko ya aina moja: maji yanachuruzika miguuni mwa dereva, kapeti inanuka uvundo, kioo kinashika ukungu hata feni ikiwashwa. Mwenye gari anakuwa ameshabadilisha mpira wa kioo na maji bado yanaingia. Nikifungua, mara nyingi mpira ni mzima. Shida iko chini ya kioo, kwenye ule mfereji wa bati unaopokea hewa ya nje kabla haijafika kwenye feni.

Mfereji ule umeundwa kupokea mvua pamoja na hewa. Hewa huingia kwa mdomo ulioinuka. Maji hubaki chini, hukimbilia pembeni na kutokea kwenye matundu yaliyojificha nyuma ya madigadi. Majani ya mwarobaini, vumbi na viota vya panya vikiziba matundu, maji hupanda hadi kwenye mdomo wa hewa na kumwagikia ndani. Hata yasipopanda, tope linabaki bichi muda mrefu baada ya mvua kukatika, na bati linaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje bado inang'aa. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo kwenye maungio husukuma bati mbili ziachane. Hapo maji yameshapata njia mpya.

Nilitengeneza pikapu ya Isuzu iliyokuwa ikibeba samaki wa Pangani. Nilitoa mikono ya waipa, wavu, na madigadi yote mawili. Tope nilikwangua kwa kijiko na mswaki, halafu nikamimina maji kwa jagi, taratibu. Mashine ya presha siishauri pale; inasukuma uchafu ndani ya hita na kulowanisha mota ya feni. Kulia maji yalitoka vizuri, kushoto yakasimama, nikapitisha waya wa spidomita hadi pakazibuka. Gari lilishinda juani wazi, nikapuliza maungio kwa kompresa, na hapo ndipo nikashika brashi ya waya, dawa ya kutu, praima ya zinki na rangi ya juu.

Tupeane uzoefu, hasa wenye malori makubwa. Ulifunguaje, na ulipaka nini kikadumu?

Dereva wa Mpanda
Ahsante fundi. Mimi ni Fuso. Kwetu kebini inainuliwa, na hewa inaingilia mbele, nyuma ya shoo, ule wavu wa mbele. Miaka ile njia ya Tabora hadi Mpanda ilipokuwa vumbi tupu, feni yangu ilibaki inazunguka kwenye namba ya mwisho tu. Za chini zote kimya. Nikaambiwa resista, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni, imeungua. Nikabadilisha, ikaungua tena. Fundi wa umeme wa pale Tabora ndiye aliyenifungua macho: resista hukaa ndani ya njia ya hewa makusudi, ipozwe na upepo wa feni. Evaporeta, ile rejeta ya AC inayopoza hewa, ikishaziba kwa vumbi upepo haupiti, joto linapanda, resista inakatika. Namba ya mwisho haipiti kwenye resista, ndiyo maana ilibaki hai.

Tulitoa evaporeta tukakuta vumbi limeshikamana kama blanketi. Tuliinyunyizia maji ya sabuni kwanza ndipo tukasafisha, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mavi ya panya, na vumbi lake kavu halifai kuvutwa kifuani. Vaeni barakoa. Na msisahau kampira kadogo kanakotoa maji ya AC. Kakiziba, boksi la evaporeta linakuwa bwawa, na skrubu zote za chini zinaota kutu.

Landi 109 Arusha
Nina Land Rover 109 pikapu, Series III. Watu husema Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi ni alumini. Ule ukuta kati ya injini na abiria ni chuma, na ndio ulioshika vile vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo. Mpira wa vifuniko ukizeeka unafyonza maji na kuyakumbatia kwenye chuma saa zote. Yangu ilikuwa imeoza kuzunguka kifuniko cha kushoto na sehemu ya miguu pia.

Tulikata hadi kwenye bati safi. Kabla ya kuchomelea tulitoa dashibodi, sponji zote na nyaya za nyuma yake, tukafungua waya wa betri, na kijana mmoja alisimama na ndoo ya maji upande wa ndani muda wote. Kama bati lako la kiraka lina zinki, saga zinki yote pale pa kuchomelea. Moshi wake unaleta homa kali jioni. Kisha pale alumini inapokutana na chuma, weka mpira au silanti katikati. Vikigusana na kukawa na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe.

Mwana Changamwe
Sisi huku Mombasa chumvi ni ya hewani, haingoji mvua. Makanika wengi hupuliza oili chafu kila mahali na lori linaishi. Mbona mnahangaika na zinki?

Fundi wa Makorora
Ndugu yangu, chini ya chesi sitabishana nawe sana. Kwenye njia ya hewa nakataa kabisa. Kila kilicho mle kinapulizwa usoni mwa dereva. Oili iliyotumika ina sumu zinazoweza kuleta saratani ya ngozi, inalainisha mipira, na vumbi likiishikilia linageuka ugoro mweusi unaoziba matundu yale yale tuliyozibua.

Mswahili wa Leeds
Huku Uingereza halmashauri humwaga chumvi barabarani kila baridi kali inapokuja ili barafu isishike. Mkinunua lori au pikapu iliyotumika huku, hesabuni kwamba chumvi imekuja nayo ndani ya maungio. Likishuka bandarini, kabla ya kitu chochote kingine, lisuuzeni kwa maji baridi mengi, mifereji ya hewa na nyuma ya madigadi.

Ukaguzi wa kila mwaka wa huku, MOT, hauchezi na kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka pale mkanda, usukani au suspensheni ilipofungwa. Ule ukuta wa Land Rover umo humo, kwa hiyo tumelazimika kuwa makini. Mimi hupuliza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu ndani ya nguzo za milango na maungio ya mfereji, siku ya jua, bati likiwa kavu na vuguvugu. Ukipuliza juu ya unyevu umeufungia ndani. Na baada ya kupuliza zibua matundu tena, nta huyaziba.

Mama Canter
Hapa Tabora nta ya nyuki inapatikana bila shida. Nayeyusha kwenye sufuria iliyo ndani ya sufuria ya maji ya moto, naitoa nje mbali kabisa na moto, ndipo nachanganya tapentaini hadi iwe laini ya kupakwa kwa brashi. Canter yangu nimeipaka kwenye maungio ya mfereji na nyuma ya madigadi. Milango naiacha wazi hadi harufu iishe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, kwa hiyo siipaki juu ya bati linalotazama injini.

Kituo cha Tunduma
Naongeza moja, na ni la uhai. Tundu lililooza kwenye ukuta wa injini au kwenye mfereji wa hewa huingiza moshi wa ekzosi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Tunalala ndani ya kebini kwenye foleni ya mpaka, wengine injini ikinguruma ili AC ifanye kazi. Ukiamka na kichwa kizito na kichefuchefu siku zote, usinunue panadol. Zima injini, toka nje, na kesho yake tafuta tundu: mmoja amulike kwa tochi kali upande wa injini usiku, mwingine aangalie kutoka ndani.

Dereva wa Mpanda
Fundi, swali. Hapa dukani kuna redi oksaidi tu, ile praima nyekundu, zinki hakuna. Nikipaka hiyo peke yake inatosha?

Fundi wa Makorora
Haitoshi mkuu. Redi oksaidi ikiachwa wazi hupitisha unyevu, lazima ifunikwe na rangi ya mafuta, ipakwe mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Kutu inayobanduka ikwangue yote kwanza. Dawa ya kutu hushika ile nyembamba iliyoganda kwenye chuma, magamba haiyawezi. Ukishamaliza mimina jagi la maji kila upande kabla hujarudisha madigadi.