Mrejesho: Mafunzo ya vitendo na wanyama wakati wa likizo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niliwauliza mwanafunzi wa tiba ya mifugo aliyeko Unguja atafute wapi kazi ya vitendo likizo ndefu, na wengi mlinishauri nianze kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kabla ya kufikiria msitu wa hifadhi wa Jozani, hapa Unguja. Nimefuata ushauri huo, na ninawashukuru kwa dhati.

Zizini ndiko nilikojifunza zaidi. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, tulikagua masikio ya ndama, kwa kuwa kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa hatari wa ng'ombe, hupenda kujishikiza humo, na daktari wa mifugo alinionesha namna ya kupapasa tezi iliyo chini ya sikio, ambayo huvimba mapema, mara nyingi kabla mfugaji hajaona dalili nyengine.

Jozani nilikaa muda mfupi, nikifuatana na waongozaji. Pembezoni mwa msitu niliwaona kima punju wakitafuna makaa, jambo ambalo watafiti hudhani huwasaidia kupunguza makali ya sumu iliyomo katika majani ya miembe na ya miti ya mikungu wanayoyala.

Mwenye nia aombe mapema, akiwa na barua ya chuo, na kwa maoni yangu aanzie zizini.