Mjadala: Utafiti wa sekondari una uzito gani kwa anayeomba chuo nje ya nchi?

Mleta mada:

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana linawatoa watu hela na usingizi. Kauli inayozunguka ni kwamba mwanafunzi wa sekondari asiye na utafiti, tena uliochapishwa kwenye jarida, asahau vyuo vikubwa vya nje. Siikubali. Uzito wa utafiti unategemea kwanza unaomba wapi, pili kama kazi ni yako kweli. Kuchapishwa ni jambo la mwisho kabisa.

Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani, kwa kozi nyingi, vinataka kujua kama cheti chako kinakuruhusu kuingia chuo na umefaulu kwa kiwango gani. Hakuna anayeuliza ulifanya nini likizo. Uingereza unapitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu: unachagua kozi zisizozidi tano na unapewa herufi 4,000 za kujieleza. Hapo utafiti unaohusiana na kozi unasaidia, lakini aliyesoma vitabu viwili vitatu vya fani yake akavichambua kwa kina naye anasikilizwa.

Marekani ndiko kwenye ubishi. Fomu ya Common App, yaani fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli, na kila shughuli unaieleza kwa herufi 150, yaani sentensi mbili fupi. Kazi ya mwaka mzima inakaa humo. Sikatai kwamba vipo vyuo vinavyochimba zaidi. MIT, chuo maarufu cha sayansi na teknolojia, wanaruhusu mwombaji kuwasilisha utafiti wake pembeni ya fomu. Na miongozo ya Harvard iliyowekwa wazi kwenye kesi ya udahili iliyosikilizwa mwaka 2018 inaeleza daraja la juu kabisa la kitaaluma kuwa la mwanafunzi mwenye alama karibu kamili, ubunifu usio wa kawaida na pengine ushahidi wa kazi asilia ya kisomi. Zingatieni hilo neno “pengine”. Hata kileleni si sharti.

Sasa biashara imeingia hapo katikati. Mwaka 2023 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, walichapisha uchunguzi kuhusu kampuni zinazolipwa maelfu ya dola ili mwanafunzi apate msimamizi, andiko, na jarida la kulitolea. Mengine ya majarida hayo hayachuji karibu chochote. Mzazi analipa, mtoto anapata jina kwenye ukurasa, na chuo anachoomba huenda hata hakiangalii ukurasa huo. Hili linaniuma.

Mzazi:

Ndugu mleta mada, umesema kweli, ila umeruka jambo moja zito: hela ya kusomea. Vyuo vingi vya Marekani, mwombaji wa nje akiomba msaada wa ada, hesabu hiyo inaingia kwenye uamuzi wa kumchukua au kumwacha. Visivyofanya hivyo ni vichache, wakiwemo MIT, Harvard, Yale na Princeton. Kwa hiyo mtoto asiye na uwezo analazimika kubanana kwenye milango hiyo hiyo ambako wewe mwenyewe umekubali utafiti unaangaliwa. Yule mwenye uwezo wa kulipa ana vyuo mamia vya kuchagua na hauhitaji huo utafiti.

Halafu fikiria shule ambayo ofisa wa udahili hajawahi kuisikia. Alama nzuri anaziona, lakini hajui zina uzito gani. Barua ya mwalimu anaisoma, lakini mwalimu mwenyewe hamfahamu. Kazi ya utafiti inasimama yenyewe. Naomba usimnyang’anye mtoto wa aina hiyo silaha aliyonayo kwa sababu wengine wanaiuza.

Mwalimu wa biolojia:

Naunga mkono hoja ya mzazi, na naongeza kwamba watu wanapima kitu kisicho chenyewe. Mwaka 2010 watoto wa miaka 8 hadi 10 wa shule ya msingi ya Blackawton, Uingereza, walichapisha utafiti wao kuhusu nyuki bambi na rangi kwenye Biology Letters, jarida la Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza. Kulikuwa na mwanasayansi aliyewasaidia, lakini maswali yalikuwa ya watoto, na michoro waliichora wao kwa penseli za rangi. Hawakuwa wanaomba chuo chochote.

Nimewahi kumsimamia binti aliyetaka kujua kwa nini maharage aliyootesha kwenye makopo upande mmoja wa dirisha yalichelewa. Alipima urefu kila asubuhi kwa rula, akaandika kwenye daftari la mistari. Wiki ya tatu akagundua makopo ya upande ule yalikuwa na matundu machache chini, maji yanatuama. Dhana yake ya awali, kwamba tatizo ni mwanga, ikaanguka. Ukurasa ule aliokata mstari juu ya dhana yake na kuandika mpya pembeni ndio ulioniwezesha kumwandikia barua ya mapendekezo yenye nyama. Mwanafunzi wa hivyo ukimkalisha kwenye usaili anaongea, kwa sababu anajua kilichomshinda. Aliyenunuliwa andiko anajua kichwa cha habari tu.

Mleta mada:

Mzazi, hoja ya ada ina nguvu na sitaipinga. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba basi tulipie. Programu ya RSI, ya utafiti kwa wanafunzi wa sekondari, inayofanyika MIT wakati wa kiangazi haitozi ada. Nafasi zake ni kama 100 tu, lakini anayekosa anaweza kufanya alichofanya binti wa mwalimu. Wanaosoma Diploma ya IB, mtaala wa kimataifa wa sekondari, wanaandika insha ya utafiti ya hadi maneno 4,000 kama sehemu ya masomo, bila kampuni yoyote katikati.

Na hatari ya jina la bure ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Korea Kusini, binti wa Cho Kuk aliorodheshwa kuwa mwandishi wa kwanza wa andiko la kitabibu akiwa bado sekondari. Mwaka 2019 andiko likafutwa na jarida, na baba, aliyekuwa waziri wa sheria, akajiuzulu mwaka huo huo katikati ya kashfa iliyohusisha na mambo mengine. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu andiko litoke.

Mzazi:

Hapo tunakubaliana. Lakini bado mzigo wote umemwangukia mwanafunzi: ajue kipi ni cha kweli, ajue nani tapeli. Kwa nini fomu ya maombi isiulize waziwazi nani alisimamia utafiti, alilipwa na nani, na mwanafunzi alifanya sehemu ipi kwa mkono wake? Kama kuna mdau humu aliyewahi kufanya kazi za udahili, naomba atujibu.