Mpango wa sayansi, darasa la 7 na la 8 (Goma): tuanze na mada ipi?

Mwalimu, Himbi (mtaa wa Goma): Walimu wenzangu, ninapanga masomo ya mwaka mzima katika shule isiyo na maabara. Je, nianze na vipimo, kama ilivyozoeleka, au na mazingira wanayoyajua wanafunzi?

Jibu la 1: Ndugu mwalimu, anza na vipimo, ila vifanyike hapa hapa. Chemsha maji mbele ya darasa: kwa kuwa Goma iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kipimajoto kitasimama karibu na nyuzi 95, wala si 100 walizozikariri, na swali la kanieneo ya hewa litazuka lenyewe.

Jibu la 2: Naafiki. Kisha ingia kwenye gesi kupitia mazuku, yaani sehemu ambapo kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kujikusanya, kwani kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama mabondeni. Changanya siki na magadi ndani ya bakuli lenye kina, ukiwa umeweka mshumaa mfupi katikati, nao utazimika. Volkano, kwa maoni yangu, isisubiri mwisho wa mwaka. Wanafunzi wengi waliishi mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021.

Mwalimu, Himbi: Asanteni. Na mimea?

Jibu la 1: Pandeni maharage Septemba, mvua zinapoanza, ili urefu wake upimwe katika somo hilo hilo la vipimo.