Sheria za maktaba ya mkoa zikoje? Nimezuiwa kuingia na vitabu vyangu na kuazima nimeambiwa mpaka mdhamini

BintiMajengo:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Naombeni ushauri kwa wanaojua hizi maktaba za umma za mikoani. Mi narisiti kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nina Hesabu, Bios, Kemia na Jiografia na mtihani ndo huo mwezi wa kumi na moja. Nauza duka la nguo, natoka saa nane mchana. Nilipopanga ni chumba kimoja nyumba ya wapangaji, huku redio, huku watoto koridoni, na ninayekaa naye anaamka alfajiri kwenda sokoni kwa hiyo akilala taa inazimwa, kusomea nyumbani kwa kweli haiwezekani.

Nikasema niende maktaba. Nimefika mlinzi kaniambia begi linabaki mlangoni, sawa, nikaacha, halafu vitabu navyo vinabaki, unaingia na daftari na kalamu tu. Nikamwambia kaka hivyo vitabu ndo nimekuja kuvisoma, akasema ndo sheria. Nikauliza na kuazima je, akasema mpaka mdhamini mtumishi wa serikali. Mi huu mji ni mgeni, simjui mtumishi hata mmoja, nikaondoka.

Hivi hizi sheria ni za nchi nzima au kila maktaba inajipangia? Na mtu asiye na mdhamini anafanyaje jamani, maana muda hauko upande wangu.

MzeeWaRafu:
Binti pole sana, na hongera kwa kurudi shule.

Mi nimestaafu, kazi yangu ilikuwa ukutubi, yaani kuhudumu maktaba, nimesomea Bagamoyo pale SLADS, chuo cha ukutubi, kwa hiyo haya nakwambia kwa kuyafanya. Kitu cha kwanza tenganisha mambo mawili ambayo mlinzi amekuchanganyia. Kuna KUSOMA NDANI na kuna KUAZIMA kupeleka nyumbani. Mdhamini ni wa kuazima, kwa sababu kitabu kinatoka nje ya jengo na kikipotea lazima awepo mtu wa kuulizwa. Anayekaa kwenye kiti akasoma na kuondoka mikono mitupu hana anachodhaminiwa, anaandika jina kwenye daftari mlangoni, kama kuna ada ya siku au ya uanachama analipa anapewa risiti, basi. Kwa hiyo hilo la mdhamini lisikuzuie kuanza hata kesho.

La vitabu vyako. Sababu ya hiyo sheria ni mbili na zote ni za kweli. Ya kwanza ni ukaguzi wa kutoka, watu mia wakitoka jioni kila mmoja ana vitabu mkononi mlinzi atajuaje kipi cha kwake kipi cha rafu? Sisi tunagonga muhuri ukurasa wa jina la kitabu, na tunagonga tena ukurasa mmoja wa ndani ambao wafanyakazi tu ndo tunaujua, pamoja na namba ya usajili, lakini huwezi kufungua kila kitabu cha kila mtu getini. Ya pili ni viti. Kipindi cha mitihani wanafunzi wanajaa na vitabu vyao toka asubuhi, anayekuja kusoma vitabu vya maktaba anakosa pa kukaa.

Ila mlinzi sio wa mwisho. Nenda asubuhi siku ya kazi, muulize mkutubi aliye kaunta kwa heshima, mwambie mi ni mtahiniwa wa kujitegemea, nina kitabu kimoja au viwili nataka kuingia navyo, naomba mviangalie mviandike kabla sijaingia. Wengi wanakubali, maana vikiandikwa wakati wa kuingia ile shida ya kutoka inakuwa haipo. Akikataa muulize vitabu vya masomo yako viko rafu gani, inawezekana hivyo ulivyobeba wanavyo ndani.

Kihesa Juu:
Mzee heshima yako ila mi hapa nakataa. Maktaba ni ya umma, inajengwa na kodi zetu, mtoto wa watu hana pa kusomea anaambiwa vitabu vyake viache mlangoni halafu ndani rafu ya Kemia ina vitabu vya mtaala wa zamani? UNESCO na IFLA, lile shirikisho la maktaba duniani, wana Ilani yao ya maktaba za umma, ya 1994 na ikahuishwa 2022, inasema wazi huduma ya maktaba ya umma kimsingi iwe bure. Sisi mtu alipe, alete mdhamini, avue begi, aache vitabu. Unategemea nani asiye na ndugu serikalini ataingia humo?

Hilo la mdhamini lazima awe mtumishi ndo linaniuma zaidi, maana wenye uwezo wa kumpata mtumishi ndo hao hao wenye uwezo wa kununua kitabu.

MzeeWaRafu:
Kihesa Juu hilo la mwisho nakuunga mkono moja kwa moja, na nilikuwa nalisema hata nikiwa kazini. Mdhamini ni mtu anayejulikana anapatikana wapi, mwalimu, mwajiri mwenye ofisi, kiongozi wa dini, mtendaji. Ukimfungia kwenye utumishi wa serikali peke yake unawafungia nje wale hasa ambao maktaba iliwekwa kwa ajili yao. Huduma hii ilianzishwa na sheria ya 1963, nchi haina hata miaka mitatu ya uhuru, ikaja sheria ya 1975 ndo tunayo Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania mpaka leo, na Maktaba Kuu pale Bibi Titi Mohamed Mwalimu Nyerere mwenyewe aliifungua Desemba 9, 1967. Siku ya Uhuru, hawakuichagua hivi hivi. Nia ilikuwa mtu mzima aliyekosa shule apate kusoma.

Kwa swali la binti: Bodi ni moja na maktaba za mikoa ziko chini yake, kwa hiyo kanuni za msingi zinatoka juu. Ila mambo ya mlangoni kama begi unaweka wapi, maji yanaingia au hayaingii, vitabu binafsi, hayo mara nyingi uongozi wa pale ndo unayapanga kutokana na ukubwa wa jengo. Na yanayopangwa pale yanazungumzika pale. Waombe wakuonyeshe yaliyoandikwa, huwa yamebandikwa ukutani au yako nyuma ya fomu ya uanachama, na taasisi za umma zina Mkataba wa Huduma kwa Mteja, una haki ya kuuona.

mtoto_wa_Eastlands:
Hello majirani, mimi niko Nairobi. Huku pia hii story ya mtu kuingia na vitabu vyake imekuwa mjadala wa miaka na miaka, kwa sababu wengi wanaoingia library ni wanafunzi wanatafuta meza tu na stima. Library ya McMillan pale Banda Street ilifunguliwa 1931 na kwa muda mrefu sana Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, kwa hivyo mimi nikiambiwa sheria ni sheria huwa nauliza inamlinda nani. Zile branch zake za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa juzi juzi na watoto wa mtaa wanajaa, meza zinatumika, hakuna kilichoharibika kwa sababu watu wameachiwa waingie.

Dada usiogope kurudi. Na ukirudi enda mapema, saa nane utapata viti vimeisha, ama uongee na boss wako ubadilishe shift siku mbili hivi kwa wiki.

TeacherKemia:
Nimesoma yote, naongezea ya masomo maana ndo haraka yake.

Wakati unashughulikia maktaba ingia Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), vitabu vya kiada viko mle unasoma kwa simu, na tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, ina mitihani iliyopita. Kwa Kemia na Hesabu mitihani iliyopita ndo itakayokuonyesha hali yako halisi kuliko kitabu kipya. Hivyo hakuna mlinzi wa kukuzuia, simu inaingia ila weka kimya na ukipigiwa toka nje, usinong'one kwenye meza ukidhani hausikiki, unasikika.

Af kitu kingine, watu wakikosa kuazima wanakimbilia kutoa kopi kitabu kizima. Usifanye. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999, na maktaba ikikuruhusu kutoa kopi ni kurasa chache za kujisomea, sio kitabu toka jalada mpaka jalada. Andika notisi kwa mkono, na utakumbuka zaidi.

BintiMajengo:
Asanteni sana wote, Mzee Mungu akuzidishie. Sikujua kabisa kama kusoma ndani hakuhitaji mdhamini, mlinzi aliongea kama ni kitu kimoja.

Naomba kuuliza tena. Bosi wangu ana leseni ya biashara na duka linajulikana, anafaa kunidhamini? Na nikiingia bila vitabu vyangu nitavipataje vya kwao, maana nilichungulia rafu ni nyingi na vina namba namba sielewi naanzia wapi, naogopa kuzunguka zunguka waniulize natafuta nini.

MzeeWaRafu:
Wakikuuliza unatafuta nini furahi, hiyo ndo kazi yao.

Zile namba ni za Dewey, ni mpangilio wa masomo. Kwa masomo yako shika hivi: Hesabu 510, Kemia 540, Bios 570, Jiografia 910. Ukifika kwenye 540 soma mgongo wa kitabu kushoto kwenda kulia, namba zinapanda. Ukija kutaka sarufi ya Kiswahili ni 496.392, na mashairi na riwaya za Kiswahili 896.392. Kitabu chenye herufi R au neno REJEA mgongoni hakitoki nje hata ukiwa mwanachama na mdhamini wako awe waziri, kamusi, atlasi, ensaiklopidia, hivyo ni vya kusomea pale pale.

Na ukimaliza kusoma USIRUDISHE kitabu kwenye rafu. Watu wengi wanafanya hivyo kwa adabu, wanatusumbua. Acha juu ya meza. Kikirudishwa sehemu siyo yake hata kwa rafu moja tu, kitabu hicho kimepotea mpaka siku ya kuhesabu, na tena vile vya mezani ndo tunavihesabu jioni kujua vipi vinasomwa. Rafu ya Kemia ya zamani anayoilalamikia Kihesa Juu itabadilishwa haraka zaidi kama takwimu za mezani zinaonyesha watu wanaitafuta Kemia.

Bosi wako mi ningemkubali. Nenda naye au omba barua yenye muhuri wa duka na namba yake, ambatanisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho cha NIDA na picha za pasipoti. Mkutubi akisema bado anataka mtumishi, mtendaji wa mtaa wako ni mtumishi na anakufahamu kwa hiyo barua.

Mama Junior wa Sabasaba:
Mdogo wangu mi mdhamini wangu alikuwa mwalimu wa kwaya, anafundisha sekondari ya kata. Unachotakiwa kujua ni kwamba mdhamini anaogopa kitu kimoja tu, kuja kudaiwa. Nilimwambia mwalimu kila nikichukua kitabu nakutumia picha ya ile karatasi ya tarehe, na nikirudisha nakutumia tena, akasaini hapo hapo. Na ukirudisha simama pale kaunta mpaka uone wamekufutia, usikiache juu ya kaunta uondoke kwa sababu kuna foleni, kikichukuliwa na mwingine deni linabaki kwa jina lako.

Na watoto wana sehemu yao, ukiwa na mdogo wako nenda naye, anakaa na vitabu vya hadithi we unasoma. Uliza kwanza umri.

Kihesa Juu:
Binti ukienda tuletee majibu waliyokupa, tujue kwa faida ya wengine.

BintiMajengo:
Nimeenda leo asubuhi kabla ya kufungua duka. Nimemkuta mkutubi mwenyewe, mama mmoja mtaratibu. Kasema kweli vitabu binafsi hawaruhusu ila mtahiniwa wa kujitegemea akionyesha karatasi ya usajili wa mtihani anaingia na viwili, vinaandikwa kwenye daftari na namba ya meza. Nilikuwa sijui kama hiyo karatasi inasaidia, mlinzi hakuniambia. Vya Bios wanavyo, Kemia wanavyo ila vichache na vinagombewa. Mdhamini amesema bosi hapana, mtendaji ndiyo. Kesho naenda ofisi ya mtaa.

Swali la mwisho Mzee, nikiazima halafu kikalowa mvua au kikachanika, ni faini au nanunua kingine?

MzeeWaRafu:
Kiache kikauke kivulini, usikianike juani wala usikipige pasi, na usikiunge na ile selotepu ya dukani, gundi yake inakula karatasi baada ya muda. Kipeleke kilivyo, mapema, kabla ya tarehe. Kuna kinachotengenezeka na hutadaiwa kitu. Kikiwa hakifai watakwambia toleo gani ununue au ulipe kiasi gani, na usikimbilie kununua kabla hawajakwambia, wengi wananunua toleo lisilotakiwa wanaingia gharama mara mbili. Ukilipa chochote dai risiti.

Na ukifika kwa mtendaji mwambie barua aandike "kwa Mkutubi wa Mkoa", wasikuandikie ile ya "kwa yeyote anayehusika", itarudishwa.

BintiMajengo:
Sawa Mzee, nimeandika hilo.

Mama Junior wa Sabasaba:
Beba na elfu kadhaa ya picha, pale nje ya ofisi ya mtaa huwa kuna wapiga pasipoti wa papo kwa papo.