Mrejesho: maumivu ya mguu, kumbe ni pingili ya kiuno

Wakuu, niliuliza kuhusu maumivu yanayotoka kalioni hadi nje ya shavu la mguu, wakati MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ilionyesha mgongo umenyooka. Jibu limepatikana: pingili ya nne ya kiuno (L4) imeteleza mbele juu ya ile ya tano (L5), daraja la 1, yaani chini ya asilimia 25 ya upana wa pingili ya chini.

MRI hupigwa mtu amelala, na pingili iliyolegea huweza kurudi mahali pake. Ombeni eksirei ya kiuno inayopigwa kutoka ubavuni mkiwa mmesimama, kisha mmeinama mbele na kujipinda nyuma. Ndiyo iliyoiumbua.

Daktari alipima pia nguvu ya kuinua dole gumba la mguu (lilikuwa dhaifu) na ganzi upande wa juu wa wayo. Hiyo ni neva (mshipa wa fahamu) ya L5. Maumivu ya kutembea yakipungua ukikaa au ukiinama, shuku mgongo. Yakipoa kwa kusimama tu bila kukaa, mishipa ya damu ichunguzwe.

Kwa sasa ni fiziotherapia ya misuli ya tumbo, bila mazoezi ya kujipinda nyuma. Upasuaji bado. Ila mkojo ukiziba au sehemu za siri zikifa ganzi, ni dharura, hakuna kusubiri kliniki.